Majina ya Tamathali na Mwanafunzi wa Walikale: Maoni Kuhusu Ufundishaji wa Istilahi za Balagha na Fasihi katika Sekondari

1.0 Utangulizi

Makala haya yametokana na jibu moja la mwanafunzi. Kijana huyo alizaliwa karibu na Omate, katika misitu ya Walikale, jimbo la Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo watu wa nje wamepasikia kwa sababu ya dhahabu zaidi kuliko kwa jambo lolote la lugha. Alikuja kusoma kwetu akiwa amehitimu sekondari kwao kwa Kifaransa. Siku moja semina ilihusu tamathali za usemi, naye akaulizwa maana ya ile tamathali ambayo Wafaransa huiita "litote". Alitoa fasili nzima bila kukwama: kusema kidogo ili kumaanisha kingi, aghalabu kwa kukanusha kinyume cha jambo linalokusudiwa. Akaongeza na mfano, nao ni ule ule ambao vitabu vya shule vya Kifaransa vimerithishana kwa vizazi kadhaa, yaani maneno ya Chimène kwa Rodrigue katika Le Cid, tamthilia ya Corneille ya mwaka 1637. Alipoombwa mfano wa Kiswahili alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba Kiswahili hakina tamathali hiyo.

Semina ilipokwisha tulimwuliza hali ya wazazi wake, maana siku zile habari za Walikale zilikuwa za kutia hofu. Akajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Haiko mubaya sana."

Kijana aliyekuwa amekwisha kutuambia kwamba lugha hiyo haina tamathali hiyo aliitumia bila kuhitaji fasili, na katika jambo zito kuliko yote aliyokuwa nayo moyoni. Huku pwani na bara ya Tanzania tungesema "si haba", nasi pia tungeshangaa kuambiwa kwamba tumetumia tamathali ya usemi. Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: istilahi aliyofundishwa miaka sita ilimfanyia kazi gani, ikiwa haikumwezesha kuisikia kauli yake mwenyewe? Maoni yetu ni kwamba kosa haliko kwa mwanafunzi, wala haliko kwa Kifaransa peke yake. Sisi wa idara za Kiswahili tunalo fungu letu, na pengine si dogo.

2.0 Majina yanayotangulia vitu

Hali ya lugha katika Walikale na Masisi inajulikana, ila ni vema kuikumbusha kwa ufupi. Nyumbani mtoto huzungumza Kinyanga akiwa Walikale, au Kihunde akiwa Masisi, au Kinyarwanda, au lugha nyingine ya jirani. Sokoni, kanisani na njiani huzungumza Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 inaitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Lugha za taifa zina nafasi katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, lakini sekondari ni ya Kifaransa, na Kiingereza huingia humo kama somo la lugha ya kigeni. Mwishoni mwa njia hiyo upo Mtihani wa Serikali, uliowekwa tangu mwaka 1967, ambao sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa.

Mtihani wa namna hiyo hupenda majina. Ni rahisi kumpa mtahiniwa sentensi na kumtaka achague kati ya sitiari, tashbihi, tashihisi na takriri. Ni vigumu kumtaka, kwa njia hiyo hiyo, aeleze kwa nini msemaji aliona kufananisha hakutoshi akaamua kulisema jambo kana kwamba ndilo lile jingine. Kwa hiyo mwalimu, ambaye naye ana darasa la wanafunzi wengi na pengine nakala moja tu ya kitabu, huandika ubaoni orodha: jina, fasili, mfano. Wanafunzi hunakili. Daftari huwa ndicho kitabu, na mfano wa Corneille hukaa humo kama jiwe la mpaka, haubadiliki wala hauzai mfano mwingine.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Kongo tu. Nchini Kenya, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mwanafunzi wa sekondari alisoma "simile" katika kipindi cha Kiingereza na tashbihi katika kipindi cha Kiswahili, pengine siku moja, na walimu wawili waliokaa chumba kimoja cha walimu hawakuwa na sababu ya kuambiana. Tumewahi kukutana na wahitimu waliojua yote mawili kwa ufasaha lakini hawakuwa wamegundua kwamba ni jambo moja. Kila jina lilikuwa mali ya karatasi yake ya mtihani. Mtu akisoma shairi la Kiingereza hutafuta vitu vya Kiingereza ndani yake, na akisoma la Kiswahili hutafuta vya Kiswahili, mithili ya mtu mwenye mifuko miwili ya fedha za nchi mbili asiyejua kwamba zinaweza kubadilishwa.

Hapa yafaa tumtazame mtoto wa Kiingereza mwenyewe, maana mara nyingi tunadhani kwamba yeye anasomeshwa kwa lugha yake. Majina mengi anayofundishwa si ya Kiingereza asilani. "Metaphor", "hyperbole", "irony" na "litotes" ni maneno ya Kiyunani yaliyopita katika Kilatini. Mwaka 1589 kilitoka London kitabu The Arte of English Poesie, ambacho wataalamu wengi wanakubali kuwa ni cha George Puttenham. Mwandishi huyo aliona taabu ya wasomaji wake, akajaribu kuzipa tamathali majina ya nyumbani. Kinaya alikiita dhihaka kavu. Sitiari aliiita tamathali ya uhamisho. Mubaalagha aliupa jina linaloweza kufasiriwa kuwa mwongo mwenye sauti kubwa. Majina hayo hayakushika. Shule za Uingereza ziliendelea na Kiyunani na Kilatini, na hadi leo mwanafunzi wa Kiingereza hukariri maneno ambayo bibi yake hakuyajua. Hata hivyo, mtu akisoma majina ya Puttenham mara moja tu hayasahau, kwa kuwa kila jina limebeba hukumu juu ya kile linachokitaja. Ukishaambiwa kwamba tamathali fulani ni mwongo mwenye sauti kubwa, umekwisha kuuliza: anamdanganya nani, na kwa nini asikilizwe?

Kiswahili, kwa bahati, kina neno la namna hiyo, nalo limeshika. Kupiga chuku ni kuumika, kumtoa mtu damu kwa pembe. Kisha ndiko kukuza habari. Aliyeunganisha mambo hayo mawili alikuwa mhakiki, ingawa hakuandika makala.

3.0 Mzigo wetu wenyewe

Tukisema kwamba mwanafunzi wa Walikale angesaidika kama angefundishwa istilahi hizi kwa Kiswahili, lugha anayoijua, tutaulizwa mara moja: Kiswahili kipi, na istilahi zipi?

Istilahi nyingi za Kiswahili za tamathali zimetoka katika elimu ya balagha ya Kiarabu, elimu kubwa iliyofikia kilele katika karne ya 11 kwa kazi za Abdulqahir al-Jurjani. Humo kila neno lilikuwa wazi kwa msemaji wa Kiarabu. Tashbihi ni kufananisha. Istiara ni kuazima: neno huazimwa kutoka kwa mwenyewe likatumiwa mahali pengine. Inapendeza kuona kwamba Wayunani waliliona jambo hilo hilo kuwa ni kuhamisha mzigo, na Waarabu wakaliona kuwa ni kuazima. Kilichoazimwa kina mwenyewe, na mwenyewe hasahauliki. Mwalimu anayewaeleza wanafunzi wake jambo hili kwa dakika kumi amewapa nadharia mbili za sitiari bila kutaja neno nadharia.

Lakini maneno hayo yalipoingia katika vitabu vyetu uwazi ule haukuingia pamoja nayo, na mengine yalibadilika maana njiani. Kinaya katika balagha ya Kiarabu ni kutaja jambo kwa kulizunguka, kwa kitu kinachoambatana nalo. Kwetu kimekuwa kusema kinyume cha unachokusudia. Neno istiara limegawanyika: umbo moja, sitiari, limebaki na maana ya kuazima, na umbo jingine, istiara, hutumiwa na wahakiki kadhaa, hasa wa Kenya, kwa hadithi nzima ambayo chini yake mna hadithi nyingine. Majazi, ambayo kwa Waarabu ni matumizi yote ya neno nje ya maana yake ya asili, katika madarasa mengi ya Kenya ni kumpa mhusika jina linalolingana na tabia yake, na upande wa Tanzania hukutwa pia katika maana ya jina la mmoja kusimama badala ya wote wenye sifa kama zake. Taashira kwa mwalimu mmoja ni ishara, na kwa mwingine ni kutaja kitu kwa jina la kingine kilicho karibu nacho. Swali lisilotaka jibu ni swali la balagha katika kitabu kimoja na tashtiti katika kingine, na tashtiti hiyo hiyo, ukivuka mpaka, huweza kuwa utanzu wa kubeza maovu ya jamii. Mubaalagha upande mmoja ni chuku. Upande mwingine wapo wanaosema "maswali ya mubalagha".

Hatusemi haya kwa kuwadharau waliotutangulia. Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), Mulokozi na Kahigi katika Kunga za Ushairi, Senkoro katika Fasihi (1982), na baadaye Wamitila katika Kamusi ya Fasihi (2003), kila mmoja alifanya kazi aliyoikuta mbele yake, na bila wao tusingekuwa na cha kugombania. Tofauti ya istilahi si aibu katika taaluma. Aibu ni kwamba tofauti hizi hazisemwi. Kila kitabu cha shule hutoa orodha yake kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, na mtunga mtihani humnyima alama mwanafunzi aliyesoma kitabu cha jirani.

Basi mtu akipeleka orodha hizo Walikale leo, atakuwa amempelekea mwanafunzi nini? Tayari anayo ya Kifaransa, na ya Kiingereza inayofanana nayo kiasi cha kuchanganya. Tutamwongezea ya tatu, ambayo maneno yake ni mageni kwake kama yale ya Kiyunani, na ambayo sisi wenyewe hatujakubaliana maana zake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na katika mikutano yetu imekuwa desturi kutaja mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili waliopatikana kwa siku moja. Wasemaji hao hawakupatikana siku hiyo. Walikuwapo, nao walikuwa wakisema. Kilichokosekana ni sisi kuwasikiliza.

4.0 Mwindo na neno mubaalagha

Walikale si mahali pasipo na fasihi ya kufundishia. Mmojawapo wa tendi za Afrika zinazosomwa sana duniani ulitoka huko. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, She-Karisi Candi Rureke, aliusimulia utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12 mbele ya watu wengi, akiimba, akicheza na kuigiza, huku maneno yake yakinakiliwa. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha kwa Kinyanga na Kiingereza. Neno karisi lenyewe ni la kuzingatiwa: ni jina la utanzu huu, na ni jina la mzimu ambao msimulizi huwekwa wakfu kwake. Kwa Wanyanga, basi, istilahi ya kifasihi na jina la nguvu inayomfanya mtu awe msanii ni neno moja. Hatujui istilahi ya Kiyunani yenye uzito huo.

Tuchukue mwanafunzi mwenye orodha yake, tumpe Mwindo. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, amewaamuru wake zake wazae watoto wa kike tu. Mwindo anazaliwa mwanamume, anatembea na kusema papo hapo. Baba anajaribu kumwua. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ngoma hiyo inamfikisha kwa shangazi yake, Iyangura. Baadaye mtoto anamfuata baba yake hadi kuzimu na kumrudisha. Mwanafunzi ataandika: mubaalagha. Atapata alama, na somo litakwisha.

Na hapo ndipo lilipopaswa kuanza. Mwindo ana jina la sifa, Kabutwakenda, yaani mdogo aliyezaliwa akatembea mara. Jina hilo hurudiwa tena na tena katika utendi, na mara nyingi anayelitamka ni Mwindo mwenyewe, akijigamba. Katika orodha ya mwanafunzi hiyo ni takriri, alama nyingine. Lakini nani anajigamba, mbele ya nani, na utendi unamfanya nini mwenye kujigamba? Mwindo, akiwa amekwisha kushinda na kutawazwa, anaua joka Kirimu, ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha mbinguni, naye anaadhibiwa kwa baridi, mvua na jua, anaonywa asiue tena wanyama, na anarudi duniani akiwa mtawala mtulivu mwenye kuwapa watu wake mashauri. Kumbe chuku ile ya mwanzo haikuwa pambo. Utendi mzima unaupima ukubwa huo, unauacha upae hadi mwisho wake, kisha unaushusha. Mwenye kuandika "mubaalagha" na kupiga mstari ameliona jambo lenyewe kabisa, akalipita.

Hatudai kwamba bila istilahi angeliona zaidi. Mtu asiye na neno lolote huenda angesema tu kwamba hadithi ni nzuri. Tunachodai ni kwamba jina la tamathali ni swali, na shule imelifanya jibu. Mwalimu angeweza kuanza na jambo ambalo kila mtoto wa Walikale na Masisi analijua: namna watu wa kwao wanavyojisifu, wakati gani kujisifu ni haki ya mtu na wakati gani ni kero, mzee husema nini kumnyamazisha anayezidisha. Kutoka hapo aingie katika Mwindo. Neno la Kiswahili, la Kifaransa na la Kiingereza yaje mwishoni, yote matatu kwa pamoja, ubaoni, kwa ajili ya mtihani na kwa ajili ya vitabu vya watu wengine.

Njia hii ina gharama, na ni haki kuitaja. Inachukua muda. Orodha ya tamathali 30 hunakiliwa kwa vipindi viwili. Tamathali 5 zilizofundishwa hivi humaliza muhula. Mwalimu wa Masisi ambaye shule yake imefungwa na kufunguliwa kwa sababu ya mapigano hana muhula kamili wa kutumia. Mnamo Machi 2025 mji wa Walikale wenyewe uliingia mikononi mwa waasi wa M23, nao wakauacha mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Katika majuma kama hayo hakuna anayeuliza tofauti ya sitiari na istiara. Lakini hata mtaala wa wakati wa amani ukibanwa na muda, sisi tungechagua zile 5. Mwanafunzi anayejua kuuliza kwa nini msemaji amesema hivi na si vile ataijua ya 6 akiikuta mwenyewe njiani, hata kama hajui jina lake.

Tena kuna jambo ambalo ni la kujilinda. Eneo ambalo watu wake wamesikiliza hotuba za makundi mengi yenye silaha, kila kundi likijiita mkombozi, lina haja ya watu wanaosikia usemi unapogeuzwa. Jina Mai-Mai, lenye asili ya maji, ni kutaja wapiganaji kwa kile wanachonyunyiziwa ili risasi zisiwadhuru. Ni tamathali, na watu wameifuata vitani. Elimu ya balagha kwa Wayunani ilizaliwa mahakamani na barazani, palipokuwa na la kupotea. Haikuzaliwa katika mtihani wa kuchagua jibu.

5.0 Kumwita karani

Tumalizie na jambo dogo ambalo semina yetu haijalipatia jina. Katika simulizi ya Rureke, katikati ya wimbo, msimulizi huacha kumtazama Mwindo na kumgeukia karani anayeandika maneno yake, akamhimiza aende naye. Wanafunzi kutoka Kenya walisema ni nidaa. Mwanafunzi wa Omate, kwa Kifaransa, alisema "apostrophe", na safari hii mfano haukuwa wa Corneille. Mwingine alipinga majina yote mawili: katika nidaa, alisema, mtu humwita asiyeweza kujibu, mfu au mlima au nchi yake, ilhali karani alikuwa amekaa pale, kalamu mkononi, amechoka. Halafu yule wa Omate akatukumbusha kwamba msimulizi wa karisi hutegemea watu waliomzunguka: vijana wanaompigia mdundo, wasikilizaji wanaoitikia na kumpa zawadi. Kumwita karani kulikuwa kumwingiza katika duara, kumfanya mwitikiaji, asibaki mtu wa pembeni na karatasi zake.

Tulitafuta katika kamusi zote zilizokuwa mezani na hatukupata neno linalotosha. Mmoja alipendekeza tutunge istilahi kutokana na Kiarabu. Tukamwomba asubiri kwanza mwenzake aulize kwao wanaitaje. Bado hajapata jibu, maana mawasiliano na kwao si rahisi. Kwa sasa darasani tunasema "kumwita karani", na juma lililopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliitambua katika taarabu.